Namna ya Kumshauri Mungu Ukiwa Masisi na Walikale

Mpendwa msafiri, kama unapanda kutoka Sake kuelekea Mushaki na Masisi-centre, au unapita Hombo kuingia msitu wa Walikale, na mfukoni una mpango (shamba la viazi, shimo la koltani, duka la chumvi na sabuni, pikipiki ya mkopo), utaulizwa swali moja mapema kuliko unavyodhani: hilo umeliombea? Huku kila jambo linaombewa: harusi, ng'ombe mgonjwa, simu iliyopotea, hata mgombea ubunge ambaye hajawahi kuonekana kijijini. Mgeni asiyejihadhari anaweza kudhani kwamba watu humwuliza Mungu kwanza ndipo wapange. Mwongozo huu umeandikwa ili asifanye kosa hilo akaharibu biashara yake.

Utaratibu unaokubalika ni huu. Mpango hukamilishwa kwanza: mtaji umeshakopwa, mwenzako wa biashara ameshadanganywa kidogo, mzigo umeshafungwa. Hapo ndipo Mungu anaitwa. Kazi yake ni ile ya mpiga kashe katika ofisi zetu: barua imeandikwa na kutiwa saini, kilichobaki ni muhuri, na mwenye kashe hategemewi kuisoma barua. Ndiyo maana sala nzuri ya asubuhi ina neno moja kubwa, “bariki”, na haina kabisa “nifanye nini”. Ukiuliza ufanye nini, kuna hatari ya kujibiwa.

Maandiko hayakukuacha bila msaada. Waraka wa Yakobo, sura ya 4, karibu na mwisho, unawakemea wachuuzi wanaojigamba kwamba leo au kesho watakwenda mji fulani, wakae mwaka mzima, wafanye biashara, wapate faida. Afadhali, anasema, watangulize kwamba ni Bwana akipenda. Agizo hili wachuuzi wetu wamelitii kuliko Wakristo wengine wote ninaowajua. “Mungu akipenda, Papa Dieudonné, siku ya posho nitakuletea pesa yako.” Siku ya posho, yaani Jumamosi, ikifika bila pesa, aliyekataa kupenda ni Mungu, mdeni hana neno, yeye alikuwa tayari. Ukidai mara ya tatu utaonekana unashindana na Mwenyezi. Angalizo dogo tu: ukisoma Yakobo, komea hapo. Ukifunua ukurasa, sura ya 5 inaanza na mambo mazito juu ya mshahara wa wavunaji uliozuiwa na matajiri, na sijaona mwenye shamba aliyepata usingizi mzuri baada ya kuisoma.

Tukitaja mashamba, mgeni ajue hesabu ya juma la kazi. Waadventista hawagusi jembe siku ya posho. Wabaptisti wa CBCA, Wapentekoste wa CEPAC na Wakatoliki wa jimbo la Goma hawaligusi siku ya Yenga, yaani Jumapili. Ondoa siku ya soko. Ondoa pia siku za salongo, kazi ya bure ambayo chifu anaitisha, mwenye bunduki anaitisha, na mwenye konsesyo naye anaitisha. Konsesyo za Masisi ni malisho makubwa mno ya watu wachache. Mengine yalikuwa ya walowezi wa Kibelgiji, yakagawiwa wakubwa wa Zaire baada ya Mobutu kutangaza zaïrianisation mwaka 1973, na tangu hapo yamerithiwa, yameuzwa, yametekwa na kuuzwa tena. Mkulima asiye na ardhi hupewa kipande cha kupanda maharagi, naye analipa kwa siku za kazi katika shamba la mwenye mali. Siku zinazobaki ndizo za kumtumikia Mungu kwa mikono yake mwenyewe, na hazizidi vidole vya mkono mmoja.

Hapo utakuta jambo linalowasumbua wanateolojia. Mwenye konsesyo na mpangaji wake huomba katika kanisa moja, pengine benchi moja, kwa ajili ya mteremko mmoja. Wa kwanza anaomba nyasi, ng'ombe wanenepe, maziwa yajae, na yale magurudumu ya fromaji ya Masisi, ufundi ulioletwa na wamisionari Wakatoliki, yafike Goma bila kuharibika. Wa pili anaomba maharagi yaive kabla ng'ombe hao hawajavunja uzio. Pasta mwenye busara huombea “mazao ya mlima huu” na kwenda nyumbani kula. Mgeni usiombe kwa sauti mpaka umejua umekaa karibu na nani.

Sasa ishara. Wengi hupenda habari ya Gideoni katika kitabu cha Waamuzi: ngozi ya kondoo iliyoachwa nje usiku, ikalowa umande na ardhi ikabaki kavu, na usiku wa pili kinyume chake. Wasichopenda kukumbuka ni kwamba Gideoni alikuwa ameshaambiwa waziwazi la kufanya, na ile ngozi ilikuwa njia yake ya kuvuta siku. Ila shida yetu hapa ni ya hali ya hewa. Mushaki na Kilolirwe ziko juu, ukungu unalala juu ya malisho hadi jua lipande, na ngozi utakayoacha nje italowa kila usiku pamoja na ardhi, ng'ombe na mchungaji wao. Kwa hiyo chukua nusu tu ya mtihani: “Bwana, ngozi ikilowa nitajua kwamba mpaka wa shamba unapita kule kwa jirani.” Walikale ni rahisi zaidi. Katika bonde la mto Lowa mvua hainyimi mtu karibu mwaka mzima. Ukiomba mvua iwe ishara, umejibiwa kabla ya amina.

Kuna pia ishara ya mlango uliofungwa na mlango uliofunguliwa. Paulo na wenzake, katika Matendo sura ya 16, walizuiwa na Roho wasihubiri Asia, wakazuiwa tena wasiingie Bithinia. Dereva wa Fuso aliyezama hadi ekseli kati ya Hombo na Walikale naye huona kwamba anazuiwa. Kwenye ramani hiyo ni barabara ya taifa namba 3, inatoka Bukavu, inapita Walikale na Lubutu hadi Kisangani. Kwenye matope ni mahali pa kufunga na kuomba, hata kama hukukusudia kufunga. Mimi ningeshauri watu wamtofautishe Roho Mtakatifu na daraja lililooza. Daraja lina wizara yake. Kuhusu milango inayofunguka, uliza kwanza imefunguliwa kwa pesa ngapi, maana ushuhuda wa “Mungu alinipitisha barieri zote” mara nyingi unaruka sehemu ya jetoni, ile risiti ya ushuru. Barieri za huku ni za kila jeshi na kila kikundi, na baadhi ya vikundi vimewahi kutoza kwa mwezi ada iitwayo lala salama, ambayo mlipaji wake hukesha akisikiliza mbwa.

Kama ishara hazikutoshi, tafuta nabii. Ushauri wangu ni kumchukua wa mbali. Nabii wa kijiji chako anajua mbuzi wa nani alipotea na zizi gani alionekana mara ya mwisho, na ujuzi huo unaharibu maono. Huko Goma ziko shambre za maombi za kutosha, ambamo mtumishi hakujui wewe wala madeni yako. Mpe habari zinazohitajika tu: jina, ndoto, na kiasi ulichokuja nacho. Atakuona ukivuka maji makubwa. Hayo ni viza ya Kanada. Ataona kitu kinang'aa ardhini. Hilo ni shimo lako. Ataona pia mwanamke mfupi wa familia anayefunga baraka zako, na hapo tafadhali ondoka. Mama wakubwa wa watu wamefukuzwa nyumbani kwa maono ya namna hiyo, na sina mzaha juu yake. Sijasikia bado mtu aliyetoka shambre akiwa ametabiriwa kupanda viazi katika mteremko uleule miaka ishirini, kuwalipa vibarua Ijumaa, na kumpeleka binti yake shule hadi diploma. Labda Mungu hana maono ya kawaida hivyo. Labda nabii anajua kwamba hayo hayaletewi sadaka.

Tuje kwenye madini, ambapo mwongozo huu unahitajika kuliko mahali pengine. Rubaya, katika Masisi, ni mji wa vibanda na udongo mwekundu, na kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa vilima vyake hutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu, iliyomo katika koltani, ya dunia nzima. Waasi wa M23 waliuteka mwisho wa Aprili 2024. Kufika mwisho wa mwaka huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba ushuru wa koltani unawaingizia si chini ya dola 800,000 kwa mwezi. Kabla yao walitoza wengine. Kila mwenye nguvu amepata fungu lake la kumi pale, na wengi hawakuishia kwenye kumi.

Chukua basi mkubwa wa shimo, PDG kama anavyoitwa, ambaye ni mpendwa na anataka kazi yake impendeze Bwana. Atoe kiasi gani? Utaratibu ni kutoa chakula, mbao za kuzuia udongo, mafuta ya pampu, ushuru, deni la mnunuzi wa Goma, kisha kinachobaki agawe kwa kumi. Ushuhuda, hata hivyo, autoe kwa hesabu ya kabla ya kutoa hayo yote, kwa sababu kanisa hupenda kusikia tani. Fungu la kumi lipelekwe mbele ya watu, katika bahasha inayoonekana. Malipo ya wachimbaji yawe siri, maana yake yasiwepo. Mbao za kuzuia udongo ni ghali, na mvua za Rubaya zinajulikana. Mlima ukiteremka juu ya vijana, PDG atasema siku zao zilikuwa zimetimia katika mapenzi ya Mungu. Mbao alizoacha kununua hazimo katika hesabu ya mapenzi hayo.

Walikale walikuwa na mlima wa Bisie. Tangu kasiteriti, mawe yanayotoa bati, igunduliwe mlimani humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanaume walitembea msituni na mifuko ya kilo 50 mgongoni hadi Njingala, na ndege zikatua juu ya lami ya barabara pale Kilambo kuyachukua mawe na kuleta bia. Makanisa yalisimama haraka, mabati mapya, spika kubwa. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, zuio likadumu hadi Machi 2011, na katika miezi hiyo nyumba nyingi ziligundua kwamba Mungu waliyemtegemea alikuwa kasiteriti. Leo mlima uko mikononi mwa kampuni ya Alphamin, ambayo hutoa karibu asilimia 6 ya bati la dunia. Hata hao, wenye mashine na mipango ya miaka mingi iliyochapwa kwa rangi, walifunga kazi tarehe 13 Machi 2025 waasi walipokaribia, wakarudi Aprili. Yakobo angewaelewa.

Vita vyenyewe vinahitaji uangalifu wa ulimi. Masisi-centre ilitekwa Januari 4, 2025, Goma mwishoni mwa mwezi uleule, Walikale-centre Machi 19, kisha waasi wakaondoka Walikale mwanzoni mwa Aprili. Kila tarehe kati ya hizi ilizalisha shuhuda. Mmoja aliota ndoto akakimbia usiku ule, na asubuhi bomu likaanguka uani kwake. Mwingine alikuwa njiani kwenda sokoni, mtoto akalia kwa nguvu, akarudi, na pikipiki aliyokuwa aipande ikapigwa risasi. Yote hayo yanaweza kuwa kweli, na mtu aliyepona ana haki ya kushukuru kwa sauti anayotaka. Ila ukisimama mbele kusema kwamba Bwana aliwaonya walio wake, tazama kwanza nani amekaa benchi la tatu. Pengine ni mama aliyeomba usiku uleule, kwa kufunga zaidi yako, akazika wawili. Huyo mwongozo huu hauna la kumwambia, na pasta mwenye haraka ya kumweleza mapenzi ya Mungu akalishwe ugali anyamaze.

Wenye bunduki nao wanasali. Usishangae kumkuta askari wa upande wowote akiwa na Agano Jipya dogo mfukoni, wala kamanda anayefungua kikao kwa maombi kisha akagawa barieri. Kwao mapenzi ya Mungu yalikwisha kutangazwa na yanafanana sana na ramani yao. Februari 2025 maaskofu Wakatoliki wa CENCO na wachungaji Waprotestanti wa ECC, waliokwisha kuonana na Rais Tshisekedi Kinshasa, walikwenda Goma kuzungumza na wakubwa wa muungano wa waasi wa AFC/M23, wakibeba mapendekezo yao ya mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani. Kuna waliowasema kwamba wanakula na maadui. Hoja hiyo ni ya zamani, na aliyesemwa hivyo kwanza alikuwa seremala.

Sasa naomba ukae kidogo, kwa sababu kuna andiko ambalo hutalikwepa. Limebandikwa kwenye vioo vya mabasi, kalenda za kanisa, migongo ya fulana, na kava za simu kutoka Sake hadi Pinga: Yeremia 29, aya ya 11, lile la Mungu kuwawazia watu wake mema na kuwapa tumaini. Kila mwenye mpango hulidai ni lake. Kwa mwongozo huu ni andiko zuri kabisa, mradi ulichomoe peke yake na mkasi. Maana ni kipande cha barua waliyoandikiwa watu waliohamishwa kwa nguvu na kupelekwa Babeli, na aya ya 10, iliyo juu yake, inasema miaka sabini. Aya zinazotangulia zinaagiza mambo yasiyofaa kwa fulana: jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, ozesheni watoto, na uombeeni amani mji uleule wa waliowateka. Manabii wa siku zile walikuwa wakihubiri kwamba mambo yataisha upesi. Yeremia aliwaita waongo.

Watu wa Masisi hawahitaji mhubiri kuwafafanulia barua hiyo. Waliiishi Bulengo, Mugunga, Lushagala, Kanyaruchinya, katika kambi zilizozunguka Goma, chini ya turubai juu ya mawe ya volkano. Wanawake walitafuta kiganja cha udongo kati ya mawe, wakapanda lengalenga. Wengine walifungua meza ya nyanya tatu na chumvi. Vikundi vya likelemba viliendelea, kila juma mmoja akipokea. Februari 2025 watu wa kambi waliamriwa kuondoka ndani ya saa 72, na waliolima wakabeba mbegu kurudi Sake, Kitchanga, Nyabiondo, kwenye nyumba zilizokosa mabati na milango, wakaanza tena katika msimu B wa kupanda, uliokuwa umeshaanza bila wao. Ukiniuliza mimi ni wapi katika wilaya hizi nimeona kazi na mapenzi ya Mungu vikikaa pamoja, nitakupeleka kwenye lengalenga ile. Aliyepanda hakuwa na ishara yoyote kwamba atavuna. Alikuwa na watoto jioni ile.

Lakini narudi kwenye onyo, kwa sababu mwongozo umeahidi kukulinda. Jihadhari sana na kijana mmoja wa Goma, Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Juni 13, 1981, akasoma sheria, akajiunga na jumuiya ya Sant'Egidio, akawa rafiki na mwalimu wa watoto wa mitaani. Mwaka 2007 alikuwa mkaguzi wa OCC, ofisi inayopima ubora wa bidhaa. Kazi ya kawaida kabisa: karatasi, magunia, kuonja, kutia saini. Kikaletwa chakula kilichoharibika, na kwa desturi ya mpakani ikaletwa na pesa ili kipite. Hakukesha mlimani kutafuta uso wa Bwana juu ya jambo hilo. Chakula kilikuwa kibovu na watu wangekila. Alimweleza sista mmoja aliyemwamini kwamba amepewa hela akazikataa, kwa kuwa Mkristo hawezi kuwatia watu hatarini kwa faida yake. Pesa ikaongezwa, akakataa. Wakubwa wakapiga simu, akakataa. Julai ile akatekwa, akateswa, akauawa, akiwa na miaka 26. Papa Fransisko alitambua kifo chake kuwa cha shahidi wa imani mnamo Novemba 2024, na Juni 15, 2025 akatangazwa mwenye heri katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma, wakati mji wake ukiwa umetekwa.

Unaona hatari. Kijana huyu alivuruga utaratibu wote tuliouweka hapa. Mungu alikwisha kuzungumza naye katika gunia lililofunguliwa, na kashe alikuwa nayo mkononi, ya serikali, ya kweli. Alichokataa ni kuipiga bila kusoma. Watu wakianza kumwiga, nani atapitisha mzigo Masisi? Mpima maharagi atanyoosha kitako cha kopo alichokibonyeza ndani. PDG atanunua mbao. Mwalimu wa shule ya kanisa ataingia darasani Jumatatu hata kama mshahara umechelewa, na meneja wake ataacha kuuchelewesha. Katekista mwenye konsesyo ya mjomba atapima mpaka upya, mbele ya mpangaji.

Kwa hiyo, mpendwa, endelea na ngozi yako ya kondoo, na nabii wa mbali, na aya ya 11 peke yake. Ukishindwa kabisa kujizuia na ukataka kuuliza kwa kweli, basi uliza mchana, kazini, mzani ukiwa mbele yako na mteja anakutazama. Jibu huja haraka. Likikugharimu usilete malalamiko kwa mwandishi, ulikuwa umeonywa.